Kabla ya fomula, uliza nani anapima

Wadau, wiki hii ni ya test, na kila kona ya kampasi kuna mtu kakumbatia madesa. Wanaosoma fizikia wamefika kwenye rilativiti. Desa linalozunguka kwao lina mistari miwili tu kuhusu kuhesabu kasi ya kitu kimoja ukikitazama kutoka kwenye kingine: jumlisha kasi zote mbili, kisha gawa kwa moja jumlisha zao la kasi hizo lililogawiwa kwa mraba wa kasi ya mwanga. Basi. Watu wanakariri, wanaingia kwenye test, wanatoka na maksi zao.

Mimi napinga. Sipingi fomula yenyewe, ni ya kweli na hapa chini nitaonyesha inakotoka. Napinga kuanza nayo. Swali la kwanza liwe: nani anapima? Ukiliruka hilo, fomula inakupa jibu safi kabisa la swali ambalo hukuulizwa. Na hili si la kuchekea, kwa sababu wengi wanaokariri pale ni walimu watarajiwa. Muda si mrefu wako field, wamesimama mbele ya darasa la watoto sabini, na walichokariri ndicho watakachoandikisha.

Tuchukue barabara ya Arusha–Moshi, tuseme ni kilometa 80 kamili. Basi moja linatoka Arusha, jingine Moshi, kila moja linatembea kilometa 80 kwa saa (trafiki wako kazini siku hiyo). Abiria wa basi la Arusha anaona la Moshi linamjia kwa kilometa 160 kwa saa. Hata konda atakwambia hivyo. Einstein, tangu mwaka 1905, anasema hapana, ni pungufu ya 160. Pungufu kiasi gani? Nimepiga hesabu: mabasi yakienda hivyo saa nzima, tofauti haifiki nanomita moja, yaani atomu chache zikipangwa mstari. Kwa hiyo konda tumwache na hesabu yake.

Sasa tuyape mabasi kasi ya kichaa: kila moja asilimia 60 ya kasi ya mwanga, yaani kilometa 180,000 kwa sekunde tukichukulia mwanga ni 300,000. (Mwendokasi wa Dar usubiri kwanza.) Yanaondoka kwa wakati mmoja kwa saa za watu waliosimama barabarani. Katikati, tuseme maeneo ya njia panda ya KIA, kuna mama anauza ndizi. Kwa mama huyu, nafasi kati ya mabasi inapungua kwa kasi gani?

Hapa ndipo desa linapoua watu. Wanaona kasi mbili, wanachomoa fomula, wanaandika asilimia 88 ya kasi ya mwanga. Kosa! Kwa mama wa ndizi jibu ni kilometa 360,000 kwa sekunde, mara 1.2 ya kasi ya mwanga, unajumlisha tu kama konda. Mtu anaruka: haiwezekani, hakuna kinachoupita mwanga! Ni kweli hakuna kinachoupita, na hapa hakuna kilichoupita. Kila basi linakwenda 180,000. Kinachopungua kwa 360,000 ni nafasi tupu kati yao, na nafasi tupu si kitu, haibebi abiria wala barua. Kwa mpimaji aliyesimama pembeni, nafasi ya namna hiyo inaruhusiwa kupungua hadi karibu mara mbili ya kasi ya mwanga bila Einstein kukasirika.

Asilimia 88 ni jibu la mtu mwingine kabisa: abiria aliyekaa ndani ya basi la Arusha, anayepima basi la Moshi kwa rula yake na saa yake. Kwa nini yeye asipate 360,000? Twende taratibu, na kalamu mkononi.

Kwa mama wa ndizi, kila basi linatembea kilometa 40 hadi kukutana, kwa hiyo linatumia maikrosekunde 222. Saa ya abiria inakwenda polepole kwa kigawo cha 1.25 kwa kasi hii, hivyo yeye anahesabu 178. Barabara nayo kwake imefupika kwa kigawo hicho hicho, kutoka kilometa 80 hadi 64. Gawa 64 kwa hizo 178 uone. Unapata 360,000 tena! Watu wengi hufika hapa wakatupa kalamu na kusema rilativiti ni uchawi.

Kumbe kuna kitu kimoja kimesahaulika. Mabasi yaliondoka pamoja kwa saa za watu wa barabarani. Kwa abiria hayakuondoka pamoja. Kwake yeye basi la Moshi liliwahi kutoka, maikrosekunde 200 kabla ya lake (ni kasi yake mara umbali wa barabara, gawa kwa mraba wa kasi ya mwanga, kisha zidisha na kile kigawo 1.25). Na wakati huo Moshi yenyewe kwake ilikuwa bado mbali zaidi, kwa sababu kwa aliyekaa ndani ya basi ni barabara ndiyo inayokimbia, na Moshi inakuja nayo. Kwa maikrosekunde 200 Moshi imesogea kilometa 36. Ongeza kwenye 64, unapata 100. Kwa hiyo basi la Moshi limetembea kilometa 100 kwa maikrosekunde 200 jumlisha 178, yaani 378. Gawa. Unapata kama 264,700 kwa sekunde, asilimia 88 ya kasi ya mwanga.

Fomula imetoka yenyewe, hakuna aliyeikariri. Na ile “moja jumlisha” ya chini, ambayo kwenye desa inaonekana kama imedondoka kutoka mbinguni, ni malipo ya kutokukubaliana kuhusu nani alianza kuondoka.

Kuna atakayesema haya ni mabasi ya kufikirika. Sawa. Mwaka 1851 Mfaransa Hippolyte Fizeau alipitisha mwanga kwenye mabomba yenye maji yanayotiririka mita kama 7 kwa sekunde. Kwa akili ya konda, mwanga unaokwenda na maji ungeongezewa mita zote 7. Kipimo kilionyesha nyongeza ya chini ya nusu, kama mita 3 hivi. Wanafizikia walihangaika na jambo hilo miaka zaidi ya hamsini, hadi Max von Laue alipoonyesha mwaka 1907 kwamba ni kujumlisha kasi kwa njia ya Einstein, basi. Maji ya bombani, jamani!

Na tukitaka mfano wa kwetu, tuutazame Mlima Meru. Juu angani, miale kutoka anga za mbali inagonga hewa na kuzaa chembe zinazoitwa muoni. Chembe hizi hazidumu, kwa wastani maikrosekunde 2.2 tu zikiwa zimetulia. Chukua muoni 1,000 zinazopita usawa wa kilele, mita 4,566, zikishuka kwa asilimia 99.5 ya kasi ya mwanga. Kutoka hapo hadi usawa wa Arusha mjini ni mita kama 3,100, maikrosekunde 10 na kidogo. Kwa hesabu ya kizamani zingefika 9 hivi. Kwa hesabu ya Einstein, ukiacha zinazopunguzwa kasi na hewa, zinafika kama 620. Mwaka 1963 David Frisch na James Smith walitangaza kipimo cha aina hii kutoka Mlima Washington kule Marekani, wenye urefu wa mita kama 1,900 tu: walihesabu muoni 563 kwa saa juu, na 408 huko chini karibu na usawa wa bahari. Bila rilativiti walitegemea kama 27.

Muulize sasa muoni nani anakimbia. Yeye anasema katulia, Meru ndiyo inayopanda kumfuata, na kwake zile mita 3,100 ni kama 310 tu. Mtu wa Arusha na muoni hawakubaliani urefu, hawakubaliani muda, lakini kasi kati yao wanakubaliana bila ugomvi: asilimia 99.5. Huo ndio utamu wenyewe wa somo hili, na kwenye desa haumo.

Jamaa mmoja kwenye diskasheni yetu kasema naleta siasa, muda hautoshi, test ni saa moja na sapu haina huruma. Namwelewa, mimi pia naiogopa sapu. Lakini kuandika “kwa mama wa ndizi” au “kwa abiria” pembeni ya jibu kunachukua sekunde tatu. Tangu sekondari ukiandika 40 bila kusema ni mita au kilo unakatwa nusu maksi, na hakuna anayelalamika. Basi na anayeandika kasi bila kusema ni kwa nani naye akatwe. Walimu watarajiwa watakuwa wa kwanza kuzoea. Pia kila ninapokaa kwenye diskasheni naona jambo moja: mihadhara tunapewa kwa Kiingereza, lakini ugomvi wa nani anapima unaeleweka pale tu mtu anapouhamishia kwenye Kiswahili, na barabarani.

Vipimo vya muoni vya mezani siku hizi vipo, vile vya Cosmic Watch vilivyobuniwa na watu wa MIT vipuri vyake ni kama dola 100 na kinaingia kwenye begi. Havichagui kasi kama cha akina Frisch, ila kuhesabu vinahesabu, na unavyozidi kupanda ndivyo muoni zinavyoongezeka. Kampasi iko chini ya mlima. Nimejitolea kukibeba kutoka Momella hadi Miriakamba, mita 2,500 hivi. Wa kukifikisha Saddle Hut, mita 3,570, bado hatujampata.