TAIRI LIKISEMA, DEREVA NAYE ASIKIE



Wataalamu wa ng'ambo wanatengeneza kitambuzi kidogo cha kukaa ndani ya tairi na kupima jinsi mpira unavyolika. Hakitaki betri. Kila tairi linapozunguka hukunjika pale linapogusa barabara, na kitambuzi hujipatia umeme kwa kule kukunjika. Mpira ukipungua, mkunjo nao hubadilika, na habari hutumwa kwa redio. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, waliwasha taa ndogo za gari la kuchezea kwa umeme wa msuguano wa magurudumu yake na sakafu.

Jambo hili hatulipingi. Tairi likipasuka kati ya Mombasa na Malaba, wanaoumia kwanza ni dereva na taniboi wake. Tairi kipara halishiki lami iliyolowa mvua. Ulaya imeweka mpaka kwa magari madogo: mifereji ya tairi isipungue milimita 1.6.

Lakini twauliza: habari hiyo itasomwa na nani? Ikisomwa ofisini kwa tajiri peke yake, itakuwa mjeledi mpya. Dereva ataambiwa amemaliza tairi kwa breki, akatwe mshahara, hali mzigo mzito na safari ya haraka aliamriwa. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki chataka matairi yawe katika hali isiyoleta hatari. Polisi akisimamisha lori, anayemkuta kwenye usukani ni dereva. Tajiri yuko mbali.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa, wala asirudishwe penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kipimo cha tairi kingekuwa shahidi wake.

Basi kabla vitambuzi hivi havijafungwa katika malori yetu, mapatano ya chama na waajiri yaandikwe hivi. Kwanza, dereva asome kipimo kabla ya kuondoka. Pili, ofisi ikijua tairi limekwisha na ikanyamaza, lawama isiwe ya dereva. Tatu, anayekataa kuendesha gari la tairi kipara asifukuzwe.

Kamati za matawi, lipelekeni jambo hili mkutanoni. Nanyi madereva, msingoje mtambo: kagueni matairi kila asubuhi, andikeni ubovu mnaouona, na nakala moja mkae nayo wenyewe.

Umoja ni nguvu.