Skauti, umekuja kumtazama dogo au urefu wake?

Juni 2009, jijini New York, Mtanzania mmoja aliitwa jukwaani akiwa chaguo la pili kati ya vijana wote waliokuwa wanasubiri kuingia NBA. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam. Memphis Grizzlies walimchukua kutoka Chuo Kikuu cha Connecticut. Aliyefuata baada yake, wa tatu, ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry.

Najua huu ni ukurasa wa soka. Nivumilie kidogo, nitarudi Bukundi muda si mrefu.

Wamarekani wana utaratibu wao wanauita drafti. Kila mwaka klabu zinapanga foleni na kuchagua vijana, wengi wao kutoka vyuoni, moja baada ya nyingine. Kabla ya siku hiyo dogo anapimwa kila kitu. Urefu, uzito, upana wa mikono, kasi, anavyoruka. Anahojiwa. Mikanda ya mechi zake inarudiwa mpaka macho yanauma. Klabu zinalipa watu mishahara mikubwa kwa kazi hiyo moja tu, na bado wanakosea. Kwenye mpira wao wa miguu ule wa kukumbatia, mwaka 2000, Tom Brady alichaguliwa wa 199. Akastaafu na mataji saba ya Super Bowl.

Kwa Thabeet, tusimwonee. Hakuchaguliwa kwa sababu ni mrefu tu. Akiwa chuoni alikuwa anazuia mipira kama mtu anayefukuza kuku kwenye mpunga. Timu yake ilifika nusu fainali ya vyuo vyote Marekani. Lakini alikuwa ameanza kikapu akiwa na miaka kama 15, na chuoni sentimita zake zaidi ya 220 zilikuwa zinamaliza kazi nyingi bila yeye kuhangaika. Alipofika NBA akakuta kila mtu ni mrefu, ana nguvu, na amecheza tangu akiwa mtoto. Silaha iliyompeleka kule ikawa kitu cha kawaida. Msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis wakampeleka ligi ya chini akajifunze.

Hilo ndilo somo ninalotaka tulichukue. Kinachomshindisha kijana kwenye ngazi aliyopo si lazima kimshindishe kwenye ngazi inayofuata. Kazi ya skauti ni kutofautisha hivyo viwili.

Sasa twende Simiyu.

Sisi hatuna drafti. Tuna UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na UMITASHUMTA kwa shule za msingi. Kijana anaanza shuleni, anapanda kata, wilaya, mkoa, kisha taifa. Mwaka 2021 fainali zilipigwa Mtwara, mwaka uliofuata zikaenda Tabora. Pembeni ya uwanja wanakaa makocha, mawakala, watu wa klabu na watu wa timu za taifa za vijana. Kwa mtoto wa kijijini, hiyo ndiyo drafti yake. Hana nyingine.

Chukulia dogo mmoja wa Bukundi, kule Meatu. Simtaji jina kwa sababu nampa kama mfano, lakini ukienda utamkuta. Ana miaka 15, mwembamba, kiungo. Amelelewa kwa michembe na maziwa. Uwanja aliokulia wakati wa kiangazi ni mgumu kama sakafu, mpira ukidunda hujui utaelekea wapi. Michezo ya shule mara nyingi inakuja katikati ya mwaka, wakati pamba iko shambani au iko njiani kwenda kuuzwa, na nyumbani wanahitaji mikono yake.

Huyu dogo akichaguliwa timu ya kata, anakwenda Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya. Kule anakutana na walimu ambao wana siku chache za kuchagua kikosi cha wilaya. Pengine atapangwa mechi moja. Pengine ataingia kipindi cha pili, timu imeshafungwa mbili, kila mtu anabutua. Kisha orodha inasomwa. Ambaye hakusikia jina lake anapanda gari anarudi kwao. Ndiyo imeisha hiyo. Bariadi hataiona, Tabora hataiona.

Nani anasikia jina lake? Tuambiane ukweli. Mara nyingi ni yule mkubwa. Beki aliyeota ndevu. Mshambuliaji anayewagonga wenzake na kupita. Mwalimu anataka kushinda wiki hii, simlaumu. Lakini skauti naye anakuja na macho yaleyale, na hapo ndipo tunapopotea. Skauti hakutumwa kutafuta atakayeshinda Jumamosi. Ametumwa kutafuta atakayecheza baada ya miaka mitano.

Watoto wa miaka 15 hawalingani. Mmoja mwili wake umeshafika 17, mwingine bado uko 13, na wote vyeti vyao viko sawa kabisa. Halafu kuna mwezi wa kuzaliwa. Mashindano ya vijana yanahesabu umri kuanzia Januari mosi. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanaitwa rika moja, ingawa mmoja amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima wa kula na kukua. Ukipanga watoto kwa nguvu, unampendelea wa Januari bila kujua.

Na hapo sijagusa vyeti visivyo sawa. Tunakijua kidonda hiki. Mwaka 2005 tulifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, tukaondolewa kwa sababu ya umri. FIFA walipoanza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009, mchezo ukabadilika. Januari 2023 Cameroon waliwapima vijana wao 30, wakaanguka 21. Fikiria kocha anabaki na wachezaji tisa. Sasa jiulize, wale 21 walichukua nafasi za nani? Walichukua nafasi za madogo wembamba waliorudishwa kijijini wakaambiwa hawana mwili.

Hii ndiyo sababu nasema kudanganya umri si kosa dhidi ya FIFA pekee. Ni wizi kwa mtoto wa Bukundi.

Basi skauti atazame nini? Mimi ningeanza na kile anachofanya kabla mpira haujamfikia. Je, anageuza shingo? Anajua nani yuko nyuma yake? Mpira ukimfika anautuliza kuelekea wapi, kwenye nafasi au kwenye miguu ya adui? Kwenye uwanja wenye mashimo, mtoto anayetuliza mpira kwa mguso mmoja ana kitu ambacho zulia la nyasi bandia haliwezi kukufundisha. Mpe uwanja mzuri, atakushangaza.

Pili, ningemtazama akiwa anafungwa. Timu ikiongoza tatu kila mtu ni fundi. Timu ikifungwa tatu, wengine wanaficha nyuso, wengine wanamzomea kipa, mmoja anaomba mpira. Andika jina la huyo mmoja.

Tatu, ningerudi kumwona tena. Mechi moja haitoshi kumpitisha mtu wala kumkataa. Angalia Serengeti Boys ya 2019. Fainali za Afrika zilikuwa hapahapa Dar es Salaam. Tulifungwa na Nigeria 5-4, Uganda 3-0, Angola 4-2. Mechi tatu, vipigo vitatu, mabao 12 nyavuni. Ungesoma matokeo tu ungesema hapa hakuna kitu. Lakini Kelvin John alitoka kwenye kikosi hicho, na mwaka 2021 akasaini Genk ya Ubelgiji. Alisubiri kwanza atimize miaka 18, kwa sababu kanuni za FIFA haziruhusu kumhamisha mtoto nje ya nchi chini ya umri huo ila kwa masharti machache. Mzazi, ukiletewa wakala anayetaka kumpeleka mwanao wa miaka 15 Uarabuni wiki ijayo, kumbuka sentensi hiyo.

Na Mbwana Samatta? TP Mazembe hawakumwona kwenye majaribio ya siku mbili. Walimwona akiwa upande wa pili, mwaka 2011, Simba ilipokutana nao Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ngumu, wapinzani wakubwa, presha juu. Wakamchukua. Mwaka 2015 akabeba nao ubingwa wa Afrika, Januari 2016 akaenda Genk, Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Jicho la Mazembe lilimpima pale ambapo kazi ni ngumu, na jibu likawa sahihi.

Mtu ataniambia, mzee, klabu zetu hazina hela ya kumtuma skauti Meatu mara tatu. Nakubali. Kwa hiyo tumia mtu aliyeko kule tayari, mwalimu wa michezo. Yeye anamwona dogo miaka minne mfululizo, akifurahi na akiwa na njaa. Mpe kaunta buku moja. Aandike tarehe ya kuzaliwa, urefu kila muhula, nafasi anayocheza, mechi alizocheza, na sentensi mbili za anachokiweza. Daftari hilo lisafiri na timu mpaka Mwanhuzi, mpaka Bariadi. Leo mtoto anafika kwenye mchujo hana historia, kama vile alizaliwa asubuhi hiyo.

Jambo la mwisho, na hili lina hela ndani yake. FIFA wana utaratibu wa asilimia tano. Mchezaji akiuzwa kimataifa, sehemu hiyo ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Miaka ya 12 hadi 15, kila mwaka ni robo asilimia. Kuanzia 16, nusu asilimia kwa mwaka. Inaonekana ndogo, mpaka ada iwe ya mabilioni. Lakini inalipwa kwa klabu iliyomsajili mchezaji kihalali. Shule ya kata isiyo na klabu iliyosajiliwa haipati hata shilingi. Kwa hiyo watu wa Meatu, undeni klabu ya vijana, isajilini, muwasajili madogo mapema. Siku mmoja wao akiuzwa Ulaya, uwanja wa Bukundi unaweza kupata nyasi.

Drafti ya Marekani ina vipimo vyote na bado Curry alipitwa na klabu tano, moja kati ya hizo ikichagua mara mbili mfululizo. Hiyo inatufariji kidogo, kwamba hata wenye hela wanakosea. Ila Curry alipitwa na watu waliokuwa wamemtazama miaka mitatu. Dogo wa Bukundi anapitwa na watu waliomtazama nusu saa.

Tukikosea, basi tukosee baada ya kutazama.