Gitaa Lililofungiwa Stoo Halimfunzi Mtu

Nina kosa ambalo nataka kuliungama mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wasomao safu hii. Kwa muda wa miaka minne nilinunua ala za muziki badala ya kupiga muziki. Nayasema haya hadharani kwa sababu nimekuja kutambua kwamba kosa hilo si langu peke yangu. Shule zetu nyingi hulifanya pia, tena kwa fedha za wazazi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Muziki si kazi yangu, wala sijapata kulipwa hata shilingi moja kwa ajili yake. Nilianza kujifunza gitaa la besi nikiwa nimekwisha kupita umri wa miaka 35, baada ya kunaswa na bluzi, muziki uliozaliwa na watu weusi wa kusini mwa Marekani. Gitaa langu la kwanza nilimnunulia mtu aliyekuwa akilipiga kanisani, kwa shilingi 14,000. Rangi yake ilikuwa imechubuka, na kitufe kimoja cha sauti kilikwaruza kila nilipokizungusha. Hata hivyo lilikuwa na nyuzi nne, na nyuzi nne zilitosha.

Huenda msomaji akajiuliza ni kitu gani katika bluzi kilichomvuta mwalimu wa Kiswahili. Jibu langu ni arudhi. Anayefundisha ushairi anajua kwamba ubeti wa shairi letu la jadi una mishororo minne, na aghalabu kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Bluzi nayo ina sheria zake. Ubeti wake wa kawaida una vipimo 12, na kila kipimo kina mapigo manne. Mwimbaji hutoa mshororo wake, akaurudia, kisha akaujibu kwa mshororo wa tatu. Kila mshororo huchukua vipimo vinne, na hesabu hutimia.

Chini ya maneno hayo, besi hutembea juu ya misingi mitatu. Hukaa nyumbani kwa vipimo vinne, huenda kwenye noti ya nne kwa vipimo viwili, kisha hurudi nyumbani kwa viwili vingine. Halafu hupanda hadi noti ya tano kwa kipimo kimoja, hushuka kwenye ya nne kwa kipimo kimoja, na viwili vya mwisho huvimaliza nyumbani. Wahenga wetu hawakuijua bluzi, lakini walikwisha kuieleza waliponena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kazi ya mpiga besi, basi, ni kuilinda mizani. Mwimbaji aweza kuchelewa kidogo makusudi, na mpiga gitaa la mbele aweza kujiendea na mbwembwe zake, lakini besi ikiyumba ubeti mzima huvunjika. Ni kazi isiyo na sifa nyingi. Watu humtambua mpiga besi pale anapokosea.

Jambo lililonishangaza ni jinsi kazi hiyo inavyoanza kwa vitu vichache. Nyuzi nne za besi, kuanzia ule mnene, hutoa noti za E, A, D na G. Bluzi ikipigwa kwa kuanzia noti ya A, misingi yake mitatu ni A, D na E. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyelishika gitaa leo asubuhi aweza kuufuata wimbo mzima kwa nyuzi tatu zilizo wazi, bila ya kubana hata mmoja kwa mkono wa kushoto. Ugumu uliopo ni wa kuhesabu, kusikiliza na kutulia, na hayo hayauzwi dukani.

Mimi nilidhani yanauzwa. Kila nilipoona kwamba sauti yangu haifanani na ile ya sahani za Chicago, nilifunga safari hadi Nairobi, nikapita madukani katika Barabara ya Luthuli na kwingineko, nikarudi na kitu. Nilinunua kisanduku cha kukanyaga kwa mguu ili sauti ivimbe, kisha kingine cha kuifanya ikwaruze. Mwishowe nilichukua mkopo katika chama chetu cha akiba, nikanunua gitaa jipya la nyuzi tano. Lilikuwa likimetameta kama kioo. Nililiweka sebuleni ili kila mgeni alione.

Katika muhula wa pili wa mwaka huo, binti yangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya salio la karo. Mkopo ulikuwa umeula mshahara wangu. Aliketi sebuleni na sanduku lake miguuni, akalitazama gitaa kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, “Baba, huu uzi wa tano wewe huupiga lini?”

Sikuwa na jibu, kwa maana nilikuwa sijapata kuupiga. Juma hilo hilo nililiuza gitaa lile kwa hasara, nikalipa karo. Lile la kwanza, lenye rangi iliyochubuka, likabaki. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nami nilikuwa nikiifundisha methali hiyo darasani mwaka hata mwaka.

Baada ya aibu ile niliamua kusoma habari za watu walioujenga muziki huu, nijue walianza na nini. Willie Dixon alizaliwa Vicksburg, jimbo la Mississippi, mwaka wa 1915. Alihamia Chicago, akawa bondia, na mwaka wa 1937 akatwaa ubingwa wa mabondia wa ridhaa wa uzani wa juu katika jimbo la Illinois. Besi yake ya kwanza alitengenezewa na rafiki yake, Leonard Caston. Ilikuwa ni mkebe wa bati na uzi mmoja. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa mpiga besi na mtunzi mashuhuri wa kampuni ya Chess mjini Chicago, na ndiye aliyetunga wimbo “Hoochie Coochie Man” ambao Muddy Waters aliurekodi mwaka wa 1954. Alifariki mwaka wa 1992, akiwa ameacha nyimbo ambazo wapiga bluzi wa dunia nzima wangali wakizipiga.

Siwatajii wanafunzi habari za mkebe ule ili waridhike na umaskini. La hasha! Ala nzuri ina faida yake. Dixon alipiga besi kubwa ya mbao, ile inayosimamishwa chini na kumpita mtu kwa urefu. Ilikuwa nzito, na sauti yake ilimezwa kwa urahisi katika kumbi zenye kelele. Mwaka wa 1951, Leo Fender, fundi wa redio wa California, alianza kuuza gitaa la besi la umeme lililoweza kubebwa begani. Alilipa jina la Precision, yaani usahihi, kwa sababu vyuma vilivyopangwa shingoni mwake vilimwezesha mpigaji kuipata noti kamili bila ya kubahatisha. Chombo hicho kiliubadilisha muziki wa dunia, na benga yetu haingekuwa na mngurumo iliyo nao bila ya gitaa la besi la umeme.

Hata hivyo, hebu tumtazame James Jamerson, ambaye wengi humhesabu kuwa bingwa wa chombo hicho. Alizaliwa South Carolina mwaka wa 1936, akahamia Detroit mwaka wa 1954, na humo akasoma katika shule ya upili ya Northwestern. Ni katika shule hiyo alikoanza kujifunza besi ile kubwa ya mbao. Baadaye alipiga katika nyimbo nyingi sana za kampuni ya Motown, akitumia zaidi kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na nyuzi ambazo hakuwa na haraka ya kuzibadilisha. Hakuwa na visanduku vya kukanyaga. Alichokuwa nacho ni masikio, na kabla ya hapo shule ambayo ilikuwa na besi, na besi hiyo ikamfikia mwanafunzi mkononi.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Nimewahi kufundisha katika shule moja ambayo ilinunua magitaa, kinanda na spika kwa ajili ya Tamasha la Muziki, lile ambalo limekuwa likifanyika nchini mwetu tangu mwaka wa 1927. Ala hizo zilitolewa wiki tatu kabla ya mashindano, zikapigwa, zikarudishwa stoo, na mlango ukatiwa kufuli. Nilipoomba wanafunzi wazitumie baada ya masomo, niliambiwa kwamba wataziharibu. Mwaka uliofuata mlango ulipofunguliwa, nyuzi zilikuwa zimeshika kutu na shingo ya gitaa moja ilikuwa imepinda kwa unyevu. Unyevu ulikuwa umeziharibu ala ambazo watoto walikatazwa kuzigusa.

Nilianza kulibeba gitaa langu kuukuu hadi shuleni kila Ijumaa. Walikuja wanafunzi tisa, miongoni mwao msichana wa kidato cha pili ambaye hakuwa ameshika gitaa maishani mwake. Kwa majuma matatu alipiga nyuzi tatu zilizo wazi, akihesabu kwa sauti. Katika juma la nne wenzake waliimba, naye akavishika vipimo vyote 12. Mara moja alipotea kwenye kipimo cha tisa, akanyamaza, akasikiliza, kisha akaungana nao waliporudi nyumbani. Hakuna aliyemwonyesha. Mwalimu yeyote anajua thamani ya dakika kama hiyo.

Je, gitaa liliharibika? Naam, lilichubuka zaidi, na uzi mmoja ulikatika. Niliununua mwingine. Gharama yake haikukaribia hata kidogo hasara ya stoo ile.

Najua mwalimu mkuu hubeba dhamana ya mali ya shule, na wakaguzi wakija humuuliza yeye. Sina nia ya kumlaumu kwa kuogopa. Lakini vitabu vya maktaba navyo ni mali ya shule, na hatuvifungii vyote kwa kuhofia kwamba kurasa zitachanika. Tuna daftari la kuazimia, tuna tarehe ya kurudisha, na anayepoteza hulipa. Kwa nini magitaa yasiwe na daftari lake? Mwanafunzi atie sahihi, apewe saa moja chini ya jicho la mwalimu, na mwishoni mwa muhula kila ala ihesabiwe na kukaguliwa.

Kwa shule au mtu binafsi anayetaka kununua besi, nina ushauri wa aliyekwisha kuungua. Chagua ala moja, hata ikiwa imetumika. Itazame shingo kwa kuinyosha mbele ya jicho kama seremala atazamavyo ubao, uone kama imepinda. Bonyeza kila noti, uzi baada ya uzi, usikilize kama kuna inayozizima. Zungusha vitufe vyote huku umeme ukipita. Kisha tenga fedha za nyuzi mpya na za fundi wa kuurekebisha urefu wa nyuzi kutoka shingoni, kwa maana gitaa la bei nafuu lililorekebishwa vizuri hupigika kuliko la ghali lililoachwa ovyo.

Katika spika, usifanye ubahili wa kijinga. Uzi mnene wa besi hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na sauti nzito kiasi hicho inahitaji spika imara iliyotengenezwa kwa ajili ya besi. Spika ndogo ya gitaa la kawaida ikilazimishwa kuibeba kwa sauti ya juu huweza kupasuka. Vitu vingine vyote vyaweza kungoja. Kanuni ninayoifuata sasa ni moja: nunua kifaa pale ambapo kazi unayoifanya tayari imekwama kwa kukikosa. Uzi wa tano utakuwa na maana siku nitakapopiga wimbo unaoudai.

Mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Hilo ni jambo la kushukuriwa, na bila shaka litaleta maombi mengi ya kununua ala. Ninaomba kwamba kabla ya shule yoyote kuandika barua ya kuomba fedha, mwalimu mmoja achukue ufunguo, aende stoo, aone kilichomo. Huenda akakuta gitaa lenye nyuzi tatu nzima, nazo zatosha kuanza bluzi ya A.

Kwa upande wangu, mkopo nimekwisha kuulipa. Binti yangu alimaliza masomo yake, na anaporudi nyumbani hunikuta na lile gitaa la shilingi 14,000. Hunisikiliza kidogo, kisha huniambia nilipoharakisha. Mara nyingi huwa ni katika kipimo cha tisa.