Ushindi 2,029, Kombe Hakuna

NJE YA MSTARI
Na Rashidi Kilongola

Mike Martin alishinda mechi 2,029 za besiboli akiwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Florida State. Hakuna kocha mwingine wa daraja la kwanza la vyuo vya Marekani aliyefika huko. Mara 17 aliipeleka timu yake Omaha, mji wa jimbo la Nebraska ambako bingwa wa vyuo hupatikana kila Juni, na mara zote 17 alirudi Tallahassee, mji wa chuo hicho, mikono mitupu. Akaendelea na kazi yake miaka 40.

Najua msomaji wa kurasa za michezo hapa kwetu atacheka. Tumezoea kumpokea kocha uwanja wa ndege mwezi Julai akiwa na skafu ya klabu shingoni, na kumsindikiza Novemba kwa taarifa ya mistari mitatu inayomtakia kila la heri. Leo namtetea kocha asiye na kombe. Nakitetea pia chuo kilichomvumilia, japo chuo chenyewe nitakigeukia huko mbele.

Tuanze na mchezo, maana besiboli kwetu bado ni ngeni. Waliowahi kupita Azania Sekondari, Upanga, wameuona uwanja wake uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na pengine wamewaona vijana wakirusha kipira kigumu na wenzao wakikisubiri na gongo mkononi. La kujua ni kwamba mtu mmoja, mrushaji, akiamka vizuri anaweza kuizima timu nzima ya wapinzani. Ndiyo maana timu nzuri ya chuo hufungwa mara 15 au 20 kwa msimu na hakuna anayeshtuka. Msimu wa kawaida una mechi 56, zinaanza Februari. Kisha timu 64 huingia mashindano ya taifa kwa makundi ya nne nne, na ukifungwa mara mbili umetoka. Washindi 16 huchujana wawili wawili, na nane zinazobaki ndizo hupanda ndege ya Omaha.

Huko Omaha kila timu ina mrushaji wa kuizima nyingine. Mwaka 1986 Florida State walifika fainali wakachapwa na Arizona 10-2, na hapo hapana cha kubishana. Ya 1999 ndiyo ya kubishania hadi chai ipoe. Mei 9 mwaka huo mchezaji wao Marshall McDougall alikutana na Maryland akafanya jambo ambalo ukilisoma unadhani mchapaji amekosea: alipiga mara saba bila kukosa, na mara sita kati ya hizo mpira ulivuka uzio. Gongo lake peke yake liliingiza pointi 16, timu ikashinda 26-2. Mwezi uliofuata wakacheza fainali na majirani zao wa Miami. McDougall alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano yale. Kombe likaenda Miami, 6-5.

Pointi moja. Kuna watu wako tayari kuupima umri mzima wa mtu kazini kwa pointi hiyo.

Wakati Martin anaipata kazi yenyewe, kulikuwa na mwenzake aliyepimwa hivyo hivyo. Martin alikulia North Carolina, akaichezea Florida State katikati ya miaka ya 60, akaonja Omaha akiwa mchezaji mwaka 1965. Alijaribu ligi ndogo za kulipwa, hakufika mbali. Akarudi Tallahassee, akafundisha mpira wa kikapu (ndiyo, kikapu) kwenye chuo kingine cha mji huo, na mwaka 1975 akaingia Florida State kuwa msaidizi kwenye besiboli. Msimu wa 1979 kocha mkuu alikuwa Dick Howser, mwana wa chuo hicho aliyekwisha kuchezea ligi kuu. Howser alikaa msimu mmoja tu. New York Yankees walimwita akawe meneja wao, naye nani angekataa? Kiti akapewa msaidizi wake mwenye miaka 35.

Mwaka 1980, basi, watu hawa wawili walianza kazi mpya pamoja. Howser aliiongoza Yankees kushinda mechi 103, kisha akafungwa na Kansas City mara tatu mfululizo kwenye hatua ya mtoano. Kabla mwaka haujaisha hakuwa tena meneja. Kwenye karatasi aliondoka kwa hiari. New York nzima ilijua kwamba tajiri wa klabu, George Steinbrenner, amemsukuma. Martin naye aliifikisha timu yake Omaha mwaka huo huo wa kwanza, akatolewa, akarudi nyumbani kupanga msimu wa pili. Howser hakuwa kocha mbaya. Miaka mitano baadaye aliwapa Kansas City ubingwa wa dunia wa besiboli, na mwaka 1987 saratani ya ubongo ikamchukua. Uwanja wa Florida State unaitwa kwa jina lake. Nyasi zilizomo ndani ya uwanja huo zikapewa jina la Martin mwaka 2005, kwa hiyo aliyekaa msimu mmoja ana jengo, na aliyekaa 40 ana majani. Sijui nani aliona hiyo ni haki, lakini nakiri inanichekesha.

Tallahassee walikuwa wakihesabu nini, ikiwa makombe hayakuwepo? Walihesabu kufika. Katika misimu 40 ya Martin hakuna hata mmoja ambao timu ilishinda chini ya mechi 40, na hakuna hata mmoja ambao ilikosa mashindano ya taifa. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya ushindi 50 kwa mwaka. Uwanja ulijaa. Kundi la mashabiki wa jukwaa B wanaojiita Wanyama walizoea kuimba wimbo wa taifa wa Kanada katikati ya mechi, huko Florida kwenye jua la kukaanga samaki, na utamaduni huo ukawa sehemu ya mji. Chuo kilikuwa kinapata kilichokilipia.

Na kufika huko kulikuwa kugumu kuliko kunavyoonekana kwenye jedwali. Sheria za vyuo zilimruhusu kocha wa besiboli kugawa ufadhili wa masomo 11.7 kwa timu nzima. Kumi na moja, nukta saba. Katika miaka yake ya mwisho kikosi kilikuwa na vijana hadi 35, na 27 kati yao waliweza kupewa fungu, kila mmoja si chini ya robo. Chuo hicho hicho upande wa pili wa barabara kilikuwa na timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani yenye nafasi 85 za ufadhili kamili. Kocha wa besiboli anaingia sebuleni kwa watu, anakaa kwenye kochi, anamsifu kijana ambaye ni hodari kuliko wote wilayani, kisha anamgeukia mama na kumwambia kwamba chuo kitalipa asilimia 40 na zilizobaki mtatafuta wenyewe. Anayasema hayo akijua kwamba huenda klabu ya kulipwa imeshapiga simu nyumba hiyo hiyo na hundi iko tayari.

Akimpata, amempata kwa muda. Baada ya mwaka wa tatu, au akitimiza miaka 21, kijana anaruhusiwa kuchaguliwa tena na klabu za ligi kuu, na aliye bora huondoka. Ukimfundisha vizuri unajiharibia msimu ujao. Buster Posey alifika Tallahassee kutoka Georgia akicheza nafasi ya katikati, kati ya besi ya pili na ya tatu. Mwaka 2007 wakamhamishia kwenye udakaji, kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea kila mpira wa mrushaji, kazi inayovunja magoti na kutaka akili. Mei 12, 2008, dhidi ya Savannah State, Martin alimchezesha Posey nafasi zote tisa za uwanja katika mechi moja. Hata kurusha alirusha. Juu ya hayo akapiga mpira ukavuka uzio huku besi zote zikiwa na watu, pointi nne kwa pigo moja. Mwezi uliofuata San Francisco Giants walimchukua akiwa chaguo la tano la nchi nzima, naye akaenda kushinda ubingwa wa dunia mara tatu akiwa mdakaji. Nafasi hiyo aliipata kwa kocha ambaye hakuwahi kushika kombe.

Sasa niwape nafasi wanaompinga, maana hawakosi hoja. Timu za Martin zilisifika kwa subira: mpigaji anasimama, hagusi mipira mibaya, anangoja mrushaji achoke na kumpa besi ya kwanza bure. Kwa mechi 56 za msimu, mbinu hiyo ni mali. Omaha kuna warushaji wasiochoka haraka na wasiokosea, na anayeishi kwa makosa ya wenzake hulala njaa huko. Wenzake wengine waliweza. Skip Bertman wa chuo cha LSU alishinda mechi 870 tu katika misimu 18, lakini ana makombe matano. Augie Garrido naye ana matano, matatu akiwa Cal State Fullerton na mawili Texas. Rod Dedeaux wa Southern California ana 11, na kwa kuwa alikuwa tajiri wa kampuni ya malori alipokea mshahara wa jina tu. Mtu wa namna hiyo hata kumtisha huwezi.

Ila mtazame Garrido hadi mwisho. Alishinda mechi 1,975, rekodi ya wakati wake, na makombe yote yale. Mwaka 2016 timu yake ya Texas ilishinda 25 ikafungwa 32, na chuo kikamtoa benchi kikampa cheo cha ushauri. Makombe matano hayakumnunulia msimu mmoja zaidi. Alifariki Machi 2018. Wiki chache baadaye, Mei 5, Martin aliifunga Clemson na kuipita rekodi yake.

Msimu wa mwisho wa Martin, 2019, ulitoa ushahidi kwa pande zote mbili. Timu ilisuasua hadi watu wakabishana kama ingealikwa mashindanoni. Ikaalikwa ikiwa na ushindi 36. Ikaenda Athens, Georgia, ikashinda kundi lake. Ikaenda Baton Rouge ikawatoa LSU kwao. Ushindi ukavuka 40 kama kawaida, na mzee wa miaka 75 akajikuta Omaha kwa mara ya 17. Wakawafunga Arkansas 1-0, wakafungwa na Michigan 2-0, kisha Texas Tech 4-1, ikawa ndiyo mwisho. Mechi tatu, pointi mbili. Wanaomkosoa waliona walichokisema siku zote. Mimi naona pia timu ambayo haikutakiwa kuwa pale kabisa.

Martin alifariki Februari 1, 2024, akiwa na miaka 79, baada ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Ninachotaka kukigusa kilitokea kabla ya hapo.

Alipostaafu, kiti alipewa mwanawe, Mike Martin Jr., aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka zaidi ya 20. Sipendi viti vya kurithishana, na kama ningekuwa kwenye kamati ile ningeuliza maswali. Lakini walishamkubali. Msimu wake wa kwanza, 2020, ulisimama Machi kwa sababu ya korona. 2021 akaifikisha timu kwenye mashindano ya taifa, akatolewa kwenye makundi. 2022 vivyo hivyo. Juni hiyo wakamfukuza. Kufika, kule kule kulikomjengea baba yake jina, ghafla hakukutosha, na hakuna aliyetangaza kwamba kipimo kimebadilishwa.

Aliyekuja ni Link Jarrett, mchezaji wa zamani wa Martin mzee, akitokea Notre Dame ambayo alikuwa ametoka kuifikisha Omaha. Msimu wake wa kwanza alishinda 23 akafungwa 31, na mfululizo wa kushiriki mashindano ulioanza mwaka 1978 ukakatika mikononi mwake. Hawakumfukuza, na walifanya vizuri, maana mwaka uliofuata aliwarudisha Omaha. Mechi ya kwanza huko waliongoza 11-8 ikibaki zamu moja ya Tennessee kupiga. Tennessee wakapata nne. Hata Martin asingeshangaa.

Tangu 2025 ile 11.7 haipo tena. Kikosi kina kikomo cha wachezaji 34, chuo kinaweza kuwalipa vijana moja kwa moja, na kijana asiyeridhika anahamia chuo kingine kila mwaka. Kocha wa miaka 35 anayeanza leo, akitaka kumfikia Martin, inabidi ashinde zaidi ya mechi 50 kila msimu hadi afike miaka 75, chini ya wakuu wa michezo wasiojulikana idadi, ambao kila mmoja atakuja na hesabu zake. Nani atampa muda huo? Tallahassee wenyewe waliompa baba misimu 40 walimpa mwana mitatu, na mmoja kati ya hiyo ulikatwa na korona.