Ranflati ni ahadi ya lami, mkulima anahitaji spea

MFANYABIASHARA wa mboga anayeteremka kutoka vijiji vya milimani Lushoto kwenda Mombo hajui pancha itamkuta wapi. Anachojua ni kwamba nyanya hazisubiri. Tenga lililofungwa alfajiri likishinda juani hadi saa tisa alasiri, mnunuzi aliyekuwa akingoja kando ya barabara kuu ama amekwishaondoka, ama ameteremsha bei.

Ndiyo maana maneno ya muuzaji anayeahidi tairi lisilomwacha mtu njiani humwingia haraka mtu wa namna hii. Tairi hilo ni ranflati, yaani tairi linaloweza kuendelea kutembea hata upepo ukiisha.

Wengi hukutana nalo kwa mara ya kwanza wanaponunua gari lililotumika kutoka nje, hasa baadhi ya magari ya BMW. Wengine huuziwa mitaani likiwa limekwishatumika, kwa bei ya kuvutia.

Swali la kujiuliza ni kama fedha inayolipiwa ranflati inarudi kwa mtu ambaye nusu ya safari yake ni mawe, makorongo na vumbi. Kwa wakulima na wachuuzi walio wengi, jibu ni hapana.

Ahadi na masharti yake

Ranflati nayo ni tyubulesi, maana haina tyubu ndani. Tofauti yake iko ubavuni. Mbavu za tairi la kawaida ni laini na hutegemea upepo kubeba gari. Mbavu za ranflati zimeongezwa mpira mnene na mgumu, hivyo upepo ukitoka zenyewe hubeba uzito kwa muda.

Muda huo una kikomo. Kwa ranflati nyingi watengenezaji huruhusu kilomita 80 tu, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Gari likiwa na mzigo mzito, joto likiwa kali au njia ikiwa mbovu, umbali huo hupungua.

Aidha, kwa kuwa tairi halilali chini kama la kawaida, dereva hawezi kuona kwa macho kwamba upepo umekwisha. Gari lazima liwe na taa ya tahadhari ya upepo kwenye dashibodi, na taa hiyo iwe inafanya kazi.

Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33, na ni lami. Kwa kipande hicho ranflati ingetimiza ahadi yake. Tatizo liko kabla ya lami, kule shambani mzigo unakopakiwa.

Jiwe halichagui tairi

Kwenye barabara ya vumbi adui mkubwa si msumari peke yake. Kuna jiwe lenye ncha linalopasua ubavu, na kuna shimo linalogonga rimu. Ranflati haina kinga ya pekee dhidi ya mambo hayo. Ubavu ukichanika vibaya, ugumu wake hausaidii kitu.

Tena ugumu huo huo ni hasara kwenye njia mbovu. Tairi la kawaida hubonyea kidogo likikutana na jiwe, na hivyo kupunguza kishindo. Ranflati hubonyea kidogo zaidi, na kishindo kinachobaki huenda kwenye rimu, shokomzoba, bushi na hata kwenye matenga ya nyanya.

Hata hivyo, jambo linalopaswa kumtia hofu zaidi mnunuzi ni lile asiloweza kuliona. Ranflati iliyotembezwa bila upepo huumia kwa ndani. Mpira wa mbavu hupata joto na nyuzi zake huchoka, wakati kwa nje tairi linang'aa na kashata zimejaa.

Ni kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hawashauri kuziba pancha ya ranflati iliyokwishatembezwa bila upepo. Basi anayenunua ranflati ya mtumba ananunua historia asiyoijua. Inaweza kuwa nzima, au inaweza kuwa imekwishamaliza kilomita zake 80 kabla hajaifahamu, nayo ikapasuka siku gari limebeba watu na mzigo.

Kuna pia suala la fundi. Mbavu ngumu huhitaji mashine nzuri kulivua na kulivisha tairi. Fundi pancha wa kijijini mwenye vyuma viwili na nyundo anaweza kuharibu ukingo wa tairi, rimu au kifaa cha kupima upepo kilichomo ndani. Likiharibika kabisa, kupata la saizi ile ile mahali kama Handeni au Kilindi si kazi ndogo.

Tyubulesi ipi?

Kusema tyubulesi ya kawaida inatosha hakuna maana kwamba kila tyubulesi inafaa. Sifa yake kubwa ni kwamba msumari ukiingia, mara nyingi mpira huubana na upepo hutoka polepole. Dereva hupata nafasi ya kufika kwa fundi. Tairi lenye tyubu huweza kuisha upepo kwa ghafla.

Kazi ya mnunuzi ni kusoma maandishi ya ubavuni. Kwa mfano, tairi la 205/55R16 lina upana wa milimita 205, na kimo cha ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 113 hivi. Tairi la 215/70R16 lina ubavu wa milimita 150 hivi. Tofauti hiyo ya karibu sentimita nne ni mpira na upepo unaokaa kati ya jiwe na rimu. Saizi isibadilishwe kiholela, bali ichaguliwe kati ya zile zinazokubaliwa na gari. Anayetafuta gari la shamba naye atazame jambo hili kabla ya kutazama rangi.

Namba ya pili ni ya uzito. Tairi lenye namba 91 hubeba kilo 615. Manne hubeba kilo 2,460, na humo umo uzito wa gari lenyewe. Tairi la 195R15C lenye namba 106/104 hubeba kilo 950 likiwa peke yake, au kilo 900 yakifungwa mawili mawili. Herufi C huonyesha tairi la gari la biashara. Anayepakia viazi kila juma kwenye tairi la gari dogo la familia asimlaumu fundi wala barabara.

Namba ya tatu ni ya umri. Tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lenye nyufa ubavuni lisinunuliwe hata kama kashata zake hazijaguswa.

Fedha iende kwenye spea

Ranflati huwa ghali kuliko tyubulesi ya kawaida ya saizi hiyo hiyo. Fedha hiyo ya ziada ingefanya kazi bora zaidi kwa kununua spea nzima, jeki inayolingana na uzito wa gari, spana ya nati, geji ya upepo na pampu ndogo. Vitu hivi havina kikomo cha kilomita 80.

Magari mengi yanayokuja na ranflati hayana spea wala mahali pa kuiweka. Mnunuzi afungue buti kabla ya kulipa. Akiamua kubadili na kuvaa matairi ya kawaida, abadili yote manne na atafute spea siku hiyo hiyo. Kuchanganya aina mbili kwenye ekseli moja ni hatari, kwa kuwa gari huvuta na kufunga breki bila uwiano.

Upepo nao upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilichopo pembeni ya mlango wa dereva. Tundu dogo la kwenye kashata lizibwe mapema, na kwa ndani. Ubavu uliopasuka hauzibwi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mwenye gari la mzigo ukuta huo ni rimu mpya, mzigo uliooza na pengine maisha ya watu.

Nani basi anafaa ranflati?

Haki itendeke kwa pande zote. Anayeendesha gari dogo usiku kwenye lami, au asiyeweza kubadili tairi peke yake mahali penye hatari, ana sababu nzuri ya kulipia ranflati mpya. Tairi likiisha upepo ghafla kwenye mwendo mkubwa, ranflati humsaidia dereva kulimudu gari. Faida hiyo si ndogo.

Lakini muuzaji anayempa mkulima ranflati bila kumweleza masharti yake hamtendei haki. Amweleze kilomita, mwendo, taa ya tahadhari, na kama tairi liliwahi kutembezwa bila upepo. Akishindwa kujibu hilo la mwisho, mnunuzi ashike fedha yake mkononi.

Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, na kila kipande kinachotengenezwa humpunguzia mchuuzi pancha. Hadi lami imfikie shambani, mwenye nyanya atatangulia sokoni akiwa na tyubulesi imara ya kubeba mzigo, upepo sahihi na spea nzima chini ya turubai.