TAMKO LA TAWI: LANGO MOJA, MIZANI MBILI

Kwa wanachama wote wa Tawi, viongozi wa mashina, Umoja wa Vijana na Umoja wa Wanawake.

Ndugu wanachama,

Tangu Jumapili jioni simu zetu hazijapumzika. Wengi mmeiona ile video. Ambaye hajaiona asiitafute, tutamweleza kilichotokea.

Jumapili mchana gari la wageni lilisimama kwenye nyumba moja ya ibada ya zamani, ambayo watu wa mbali huja kuitazama. Hatuitaji jina, kwa sababu tumeshakwenda kuzungumza na wenyewe ana kwa ana. Walishuka Wazungu wanne na anayewatembeza. Wawili walivaa kaptura, mmoja fulana isiyo na mikono. Walipokelewa kwa tabasamu, wakazungushwa, wakapiga picha hadi mbele kabisa, mahali ambapo muumini wa kawaida hakanyagi.

Haikupita nusu saa, akafika binti wa hapa hapa kwetu, anayefanya kazi kwenye karasha. Alivaa suruali ya kazi na fulana yenye vumbi la mawe. Alikuja kuombea marehemu mama yake siku ya kumbukumbu ya kifo chake. Akazuiwa getini. Vijana watatu waliokuwa pale wakamzomea, mmoja akatoa simu akarekodi. Kufika jioni video ilikuwa imezunguka kata nzima, na maneno machafu juu yake.

Ndugu wanachama, wawili kati ya vijana wale watatu wana kadi za chama chetu, za Tawi hili. Ndiyo maana hatuwezi kunyamaza.

Baada ya video zikaja sauti mbili kwenye magrupu. Ya kwanza inasema Umoja wa Vijana uunde "kikosi cha maadili", kisimame kwenye malango ya makanisa na misikiti kila Ijumaa na Jumapili kukagua mavazi. Ya pili inajibu kwamba mtalii ni dola, aachwe avae apendavyo, wilaya inataka mapato. Kamati ya Tawi imekaa, imezisikiliza zote mbili, na inazikataa zote mbili. Sababu zetu ni hizi.

KWANZA: NYUMBA YA IBADA INA MASHARTI YAKE, NA NI HAKI YAKE

Asije mtu akasema Tawi limetetea utovu wa adabu. Ukiingia msikitini unavua viatu, uwe waziri au mchunga ng'ombe. Ukiingia kanisani unavua kofia na kupunguza sauti. Wahenga walisema, ukifika kwa wenye chongo nawe fumba lako moja. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 19, inaweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wenye nyumba ndio wanaosema mgeni aingieje.

Na sisi wa ukanda huu tunajua uchungu wa mahali patakatifu kuchezewa. Februari 2023 Kanisa Kuu la Jimbo la Geita lilivamiwa usiku na vitu vyake vitakatifu vikaharibiwa. Askofu Flavian Kassala alilifunga, na halikufunguliwa mpaka ilipofanyika ibada ya toba mwezi Machi. Aliyeona milango ile imefungwa hahitaji kufundishwa kwamba jengo la ibada si kivutio cha picha tu. Kwa hiyo yule mgeni wa kaptura naye alikosea. Kama hakujua, basi alikosea aliyemleta na hakumwambia.

PILI: SHARTI LIKIWA LA MASKINI PEKE YAKE, SI SHARTI TENA

Tunaishi kwenye dhahabu, tusemezane kwa lugha ya dhahabu. Kila mchimbaji mdogo anamfahamu mnunuzi mwenye mizani mbili. Akileta mnyonge, mizani inasoma pungufu. Akileta mwenye nguvu, inasoma sawasawa. Tulipiga kelele miaka mingi, na soko la madini lilipofunguliwa Geita mwaka 2019, jambo la kwanza watu walilotaka ni mizani ya wazi, inayoonwa na muuzaji na mnunuzi kwa pamoja.

Lango lile Jumapili lilikuwa na mizani mbili. Goti la Mzungu halikuwa na tatizo, ila suruali ndefu ya mfanyakazi wa karasha ikawa dhambi. Kama kosa ni mguu kuonekana, ni nani aliyeonyesha mguu? Kama kosa ni mwanamke kuvaa suruali, mbona wageni wa kike hawakuulizwa? Tukubali ukweli: hakuzuiwa kwa nguo. Alizuiwa kwa vumbi, kwa kuwa ni wa hapa, na kwa kuwa hakuna aliyeogopa kumkera. Tunapenda kusema "mgeni njoo, mwenyeji apone". Mbona safari hii mgeni alikuja na mwenyeji akaumizwa?

Wapo wanaotuletea hoja ya utamaduni. Tunawaomba wafike Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Padre David Clement alijenga pale kanisa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, na pembeni yake yapo Makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka mwezi Juni, wakati wa Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, Bulabo hukutanisha waumini, wacheza ngoma wa Bagalu na Bagika, na watalii wenye kamera. Mtazame babu na bibi wa Kisukuma walivaa nini enzi zao. Wangefika Jumapili getini wakiwa na ngozi zao, wangezomewa na wajukuu wao. Hata kitenge tunachokiita vazi la heshima kilitufikia kwa biashara. Heshima ni yetu tangu zamani. Kitambaa kimebadilika mara nyingi.

TATU: KWA WANAOSEMA DOLA KWANZA

Ndugu zetu hawa wanaudharau mkoa wao wenyewe. Wanadhani mgeni akiombwa kujifunika atakimbia. Zanzibar inaishi kwa utalii kuliko sisi, na haikuogopa kusema. Septemba 2021 Waziri wa Utalii wa Zanzibar, Lela Mohamed Mussa, alitangaza faini kwa watalii wanaotembea nusu uchi mitaani, na wanaowatembeza nao hawakuachwa. Wageni bado wanakwenda Zanzibar.

Kampala wamekwenda njia nyingine. Kwenye Msikiti wa Taifa wa Old Kampala, uliokamilishwa kwa msaada wa Muammar Gaddafi, mgeni asiye Mwislamu anaingia, anatembezwa, anapanda mnara kuutazama mji. Mwanamke aliyefika na suruali au kichwa wazi hafukuzwi wala hazomewi. Anapewa kitambaa cha kujifunga na mtandio pale pale mapokezini, akimaliza anarudisha. Sharti linabaki pale pale na utu wa mgeni unabaki pale pale.

Mtasema hiyo ni Uganda. Haya, turudi nyumbani. Nani kati yetu amewahi kuingia Mgodi wa Geita, Bulyanhulu au Mwadui kama mgeni? Ulifika na kandambili zako na shati la kazi. Mlinzi alikuzomea? Alikurekodi? Hapana. Alikupa helmeti, buti na rifleta, akakueleza kanuni, ukaingia. Na mkurugenzi kutoka ng'ambo naye alivaa helmeti ile ile. Mgodi unajua kwamba anayeweka sharti ndiye anayeweka vifaa mlangoni. Kama shimo la dhahabu linaweza, nyumba ya Mungu inashindwa nini?

NNE: KWA WANAOTAKA KIKOSI

Hapa tunazungumza na vijana wetu, na tunazungumza kama wazazi.

Wazo lenu si jipya. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969 Dar es Salaam: mwisho wa vimini, wigi na suruali za kubana. Tarehe haijafika, makundi ya vijana yalishaanza kuwashambulia wasichana Kariakoo na kuwachania nguo hadharani. Miaka hiyo hiyo Wamasai walikuwa wakikatazwa kupanda mabasi kwa sababu ya rubega, eti wanaitia nchi aibu. Leo rubega hiyo hiyo inatangaza utalii wa Tanzania duniani kote. Waliowafukuza Wamasai kwenye mabasi nao walikuwa na uhakika kwamba wanalinda maadili.

Karibu zaidi na nyumbani, sungusungu walizaliwa huku huku kwetu, Kahama na jirani zake, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walianza na wezi wa ng'ombe, na watu waliwashukuru. Kisha mamlaka yakakolea. Faini zikahamia kwenye maisha ya watu, hasa ya wanawake, na mtu akipigwa mchenya hana pa kukata rufaa. Na mkoa wa Shinyanga umezika vikongwe wangapi waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia? Walihukumiwa kwa sura. Hatusemi kuzomea ni sawa na kuua. Tunasema watu waliobeba msiba huo walipaswa kuwa wa mwisho kumhukumu binadamu kwa anavyoonekana.

Tukumbushane pia Juni 2021. Bungeni, mbunge wa Momba, mwanamke, aliamriwa kutoka ukumbini kwa ajili ya suruali. Aliyesimama kuomba mwongozo wa Spika alikuwa mbunge wa Nyang'hwale, hapa hapa mkoani Geita. Muulize mwanachama yeyote bajeti ya mwaka ule ilisema nini kuhusu maji ya Nyang'hwale. Hajui. Muulize kuhusu suruali. Anajua. Ndivyo siasa ya mavazi inavyofanya kazi: inakula muda wa kuuliza maswali yanayowakera wakubwa.

Na sheria ipo. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Vyama vya Siasa yanakataza chama kuunda kikundi cha ulinzi cha aina yoyote. Atakayesimama getini na fulana ya chama kukagua sketi za watu anakiweka chama kizima hatarini, na anaingia nyumba isiyo yake. Leo ukikagua kanisani, kesho msikitini, keshokutwa utaulizwa wewe ni wa dini gani. Chama hiki kina Wakristo, Waislamu na wanaotambika kwa mizimu ya babu zao. Hatutaruhusu kichanike kwa kipande cha kitambaa.

TANO: MAAMUZI YA KAMATI YA TAWI

1. Hakuna kikosi cha maadili. Atakayekiunda kwa jina la chama ataitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu.

2. Video ile ifutwe leo kwenye simu na magrupu yote ya Tawi. Kuanzia kesho saa sita mchana, mwanachama atakayeituma tena atachukuliwa kama aliyeirekodi.

3. Vijana wetu wawili wameitwa. Mmoja amekiri na ameomba kwenda kumwomba radhi binti huyo mbele ya wazazi wake. Tunampongeza, maana inahitaji ujasiri kuliko kushika simu. Wa pili tunamsubiri mpaka Jumamosi.

4. Viongozi wa nyumba ile ya ibada tumewaomba mambo matatu, kama majirani, si kama wakubwa wao. Masharti yaandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza yabandikwe getini. Yawe yale yale kwa mgeni na mwenyeji. Na pawepo kikapu cha kanga na vitenge vya kuazima. Wametusikiliza vizuri, na jibu litatoka kwao wenyewe.

5. Mwanachama anayetaka kuchangia kanga achangie kama muumini au jirani. Isiandikwe jina la chama, isipigwe picha, isiletwe bendera. Tukiona kanga yenye rangi za chama kwenye kikapu kile tutaitoa sisi wenyewe.

6. Wanachama wanaotembeza wageni, wenye bodaboda, wenye nyumba za kulala wageni: mwambieni mgeni masharti kabla hajapanda chombo. Kumfikisha getini na kaptura halafu kumwacha ajitetee si ukarimu.

Mwisho, tunasema na wewe binti, ingawa hatutataja jina lako. Ulitoka kazini na jasho lako halali, ukaenda kumwombea mama yako. Waliokuzomea wana kadi zetu, kwa hiyo aibu ni yetu. Tunakuomba radhi. Kazi yako usiiache, na pale getini urudi siku utakayotaka. Kina mama wa Tawi wamesema watakusindikiza, na wengine watatoka moja kwa moja sokoni na mwaloni wakiwa na nguo zao za kazi, kila mmoja na kanga yake begani.

Ndugu wanachama, tumezoea kudai mizani ya haki kwa wanunuzi wa dhahabu. Tuanze kuidai kwetu wenyewe.

Viongozi wa mashina wasome tamko hili kwenye vikao vya wiki hii. Mwenye hoja tofauti aje kikaoni aiseme kwa mdomo wake, tutamsikiliza.

Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.