Tufunge pikipiki zetu, tusingoje arobaini ya mwizi



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo, lakini linawatia watu umaskini na mara nyingine linawatoa watu roho. Jambo lenyewe ni desturi yetu ya kulaza pikipiki bila kuzifunga. Nasema habari za kwetu Vudee, katika Wilaya ya Same, lakini naamini msomaji wa Lushoto, Mbinga au Rungwe ataona kwamba nasema habari za kwake pia, maana mteremko ni mteremko popote ulipo.

Kwanza wananchi waelewe pikipiki ni kitu gani kwetu sisi wa milimani. Mjini pikipiki ni njia mojawapo ya usafiri kati ya nyingi. Milimani pikipiki ni gari la mizigo, ni teksi, na usiku wa manane ni gari la wagonjwa. Mama mjamzito akishikwa na uchungu, kinachomfikisha kwenye zahanati ni pikipiki. Maharage na ndizi zinashuka kwa pikipiki, sukari na bati vinapanda kwa pikipiki. Tangu zilipotungwa kanuni za mwaka 2010 za leseni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki na bajaji, bodaboda imekuwa kazi inayotambuliwa kisheria, na vijana wengi wameoa, wamejenga na wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Kwa hiyo pikipiki moja ikiibwa, aliyeibiwa si mwenye nayo peke yake. Ni kitongoji kizima.

Sasa ukiwauliza vijana wetu wa vijiweni kwa nini pikipiki zinalala uani zikiwa wazi, watakupa sababu tatu. Naomba nizijibu moja baada ya nyingine.

Sababu ya kwanza ni kwamba njia ya kutoka milimani ni moja, na mwizi akiwasha chombo usiku watu watasikia. Ndugu zangu, mwizi wa milimani hana haja ya kuwasha chombo! Anachohitaji ni kukiweka gia huru na kuachia breki, na mlima unamfanyia kazi iliyobaki. Pikipiki inateremka kimya kama maji ya mfereji. Injini haiungurumi, jirani haamki. Atakapoiwasha yuko mbali huko chini, na akishafika tambarare barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha upande mmoja, na Korogwe na Dar es Salaam upande wa pili, iko karibu. Mpaka wa Kenya nao hauko mbali na wilaya yetu. Mteremko tunaoutegemea kuwa ngome yetu ndio msaidizi wa mwizi.

Sababu ya pili ni kwamba “ufunguo ninao mfukoni.” Yafaa ikumbukwe kwamba ufunguo wa swichi kazi yake ni kukata na kurudisha umeme wa injini, basi. Haushiki gurudumu. Ukitoa ufunguo bila kukunja usukani na kuufunga kwa loki yake, umeacha chombo ambacho mtoto wa darasa la tano anaweza kukisukuma. Hata hiyo loki ya usukani, ingawa ni ya lazima, haitoshi peke yake, kwa sababu ni kipande kidogo cha chuma na mtu mwenye nguvu aliyekusudia anaweza kukivunja. Ufunguo wa mfukoni ni faraja ya mwenye mali, si kizuizi cha mwizi.

Sababu ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inasemwa na watu waungwana. Wanasema kwamba mtu anayefunga pikipiki kwa mnyororo katikati ya ndugu zake anawatuhumu majirani kuwa ni wezi. Kwetu Upare watu tunajuana kwa ukoo, kwa kanisa na kwa msikiti, awe mtu anasali Ijumaa, Jumamosi au Jumapili. Basi kufuli inaonekana kama tusi.

Mimi nawauliza wanaosema hivyo: Je, ndiva je? Wasomaji wasiojua kwetu naomba waelewe kwamba ndiva ni bwawa dogo ambalo mababu zetu walilichimba ili kukusanya maji ya mfereji. Tundu la ndiva huzibwa usiku ili maji yajae, na asubuhi hufunguliwa ili watu wamwagilie mashamba kwa zamu. Toka enzi za mababu, sijapata kusikia Mpare aliyesema kwamba kuziba ndiva usiku ni kumtuhumu jirani. Ndiva inazibwa kwa sababu maji ni mali, na mali isiyozuiwa huenda na mteremko. Pikipiki nayo ni vivyo hivyo. Tena mwenye kufunga mali yake anamheshimu jirani kuliko yule asiyefunga, kwa sababu mali iliyo wazi ikipotea, wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya ni huyo huyo jirani. Kufuli inamlinda jirani dhidi ya kusingiziwa.

Hapo nakuja kwenye jambo zito zaidi. Sote tunajua linalotokea katika nchi yetu mwizi wa pikipiki anapokamatwa na wenye hasira. Huitwa jina, hupigwa mawe, na mara nyingine hutiwa moto kabla polisi hawajafika. Na katika ghasia hiyo hakuna anayeuliza kama aliyekamatwa ndiye aliyeiba au ni mpita njia aliyekimbia kwa woga. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla ya kosa kuthibitishwa. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi. Hayo hayakuandikwa kwa ajili ya wema peke yao. Anayemwua mwizi naye ni mhalifu, na pikipiki moja inaweza kuacha kaburi moja na vijana watano gerezani, na akina mama sita wakilia. Basi mnyororo ni rahisi kuliko yote hayo. Pikipiki isiyoibwa haileti ghasia.

Wapo pia wanaojifariji kwamba za mwizi ni arobaini. Ni kweli. Lakini anayengoja arobaini ya mwizi akumbuke kwamba siku thelathini na tisa za kwanza ni za kuibiwa yeye!

Basi tufanyeje? Natoa mashauri yafuatayo.

Kwanza, tujue namna ya kufunga. Mnyororo upitishwe kwenye gurudumu la nyuma na kwenye fremu, kisha uzungushwe kwenye mti ulio hai au nguzo iliyochimbiwa chini sana. Gurudumu la mbele halitoshi, kwa sababu linafunguliwa kwa spana na mwizi akaondoka na kilichobaki. Kufuli isilale chini, kwa kuwa kufuli iliyolala juu ya jiwe inavunjwa kwa nyundo. Ining’inie juu, na tundu la ufunguo litazame chini ili mvua isilitie kutu. Mnyororo mwembamba wa kufungia mbwa usitumike, kwa sababu msumeno wa chuma unaukata kwa muda mfupi. Zile kufuli zinazouzwa za kufunga sahani ya breki ni nzuri kwa pikipiki zenye sahani, lakini nyingi za huku kwetu zina breki za dramu, kwa hiyo mtu asinunue kitu kisichomfaa.

Pili, anayelaza pikipiki ndani ya nyumba anafanya vizuri kuhusu wizi, lakini aangalie moto. Petroli haina mzaha. Koki ya mafuta ifungwe, na pikipiki isilazwe chumba kimoja na jiko au kibatari, wala mahali wanapolala watoto. Tusikimbie mwizi tukaingia kwenye moto.

Tatu, kadi ya usajili isikae chini ya kiti cha pikipiki. Ikae nyumbani mahali pa siri, na namba ya injini na namba ya chesisi ziandikwe pia kwenye daftari. Siku ya mkasa ndizo utakazoulizwa kituoni. Mtu asiyejua namba ya chombo chake anakwenda polisi na machozi tu.

Nne, matajiri wenye pikipiki nao watimize wajibu wao. Vijana wengi hawaendeshi mali yao. Wanapeleka hesabu kila siku, au wako kwenye mkataba ambao wakiumaliza pikipiki inakuwa yao. Lakini mikataba mingi inataja hesabu tu. Haisemi nani atanunua mnyororo, nani atalipa banda, na chombo kikiibwa nani atabeba hasara. Matokeo yake kijana anaibiwa leo na kesho anaanza kulipa deni la chombo asichokuwa nacho. Nashauri tajiri anunue mnyororo na kufuli siku ile ile anayonunua pikipiki, na kijana atie sahihi kwamba atafunga kila anapoegesha. Pikipiki mpya ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Bei ya mnyororo mnene na kufuli yake inapatikana katika hesabu za siku chache. Mtu anayenunua ng’ombe hakosi pesa ya kamba.

Hapo hapo niwakumbushe wenzangu juu ya bima. Wengi wanadhani kwamba wakishakata bima wamekwisha kukingwa na kila kitu. Bima ndogo, ile ya lazima kisheria, humlipa mtu mwingine aliyeumizwa au kuharibiwa mali na chombo chako. Chombo chako kikiibwa hailipi kitu. Anayetaka kulipwa kwa wizi lazima awe na bima kubwa, ambayo wenye bodaboda wa vijijini ni wachache wanaoimudu. Kwa maneno mengine, kwa wengi wetu kufuli ndiyo bima.

Suala hili linavigusa pia vikundi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kikinunua pikipiki kwa mkopo huo kisha ikaibwa, deni halifi. Na halmashauri isiporejeshewa, kikundi cha jirani kilichokuwa kinangoja zamu nacho kinakosa. Nashauri mnyororo na kufuli viwe katika orodha ya ununuzi ya kila kikundi kinachoomba mkopo wa pikipiki.

Tano, tutumie msaragambo. Kwa msaragambo tumechimba mifereji, tumetengeneza barabara na kujenga madarasa. Sioni kwa nini kila kitongoji kisijenge banda moja imara la kulaza pikipiki, lenye bomba la chuma lililochimbiwa kwa zege ambalo minyororo itafungwa, na mlinzi mmoja wa zamu. Serikali ya kijiji ina uwezo, chini ya sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa za wilaya, wa kupendekeza sheria ndogo na kuzipeleka halmashauri zikakubaliwe. Wenzetu wa Usukuma na Unyamwezi walianzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng’ombe. Yapo mazuri ya kuiga katika umoja wao, na yapo ya kuacha, hasa kuadhibu watu bila mahakama. Sisi tuchukue zamu za ulinzi, tuache viboko. Atakayekamatwa afikishwe polisi akiwa mzima.

Sita na mwisho, tuache kununua spea za bei ya kutupa kutoka kwa watu tusiowajua. Pikipiki iliyoibwa mara nyingi haiuzwi nzima. Inachinjwa kama mbuzi: tairi huku, injini kule, taa kwingine. Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayepokea mali huku akijua ni ya wizi, na hata kama polisi hawakumfikia, dhamiri yake inajua. Kijana anayelia leo kwamba kaibiwa, na kesho ananunua injini isiyo na kadi kwa sababu ni rahisi, analisha mkono ule ule uliomwibia. Mwizi hafi njaa maadamu sisi ni wateja wake.

Najua watakuwapo watakaosema kwamba mwizi aliyekusudia hazuiwi na kufuli, na kwamba wapo wanyang’anyi wanaomkodi kijana usiku na kumdhuru njiani, ambako mnyororo hausaidii. Ni kweli, na kwa hao dawa ni kutochukua abiria usio na uhakika naye usiku, na kuwaaga wenzako kijiweni unakokwenda. Lakini wizi wa uani, wa kusukuma na kuteremka, ni wizi wa nafasi. Mwizi huyo anapita nyumba kumi akitafuta iliyo rahisi. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha, na mwizi anayechelewa huonwa.

Nawaomba viongozi wetu wa vitongoji, vijiji na kata walizungumze suala hili katika mikutano ya hadhara, na viongozi wa vijiwe walifanye kuwa sharti la uanachama. Vijana nao wasione haya kufunga mbele za watu. Tahadhari huja kabla ya hatari, na majuto ni mjukuu.



Mpenda Maendeleo,
Vudee, Same.